Beti ya Odessa Pruitt

Odessa Pruitt alikuwa na kipaji ambacho hakuna aliyewahi kumpigia makofi: aliweza kulala wima. Treni imejaa, yeye ameshika chuma cha juu kwa mkono mmoja, kichwa amekiegemeza kwenye mkono huohuo, amelala fofofo. Kituo chetu kikifika anafumbua macho na kushuka kama mtu aliyeitwa jina. Siku moja nilimwuliza anajuaje kituo. Akasema, "Miguu inajua. Mimi kazi hiyo nimeiachia miguu."

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nalisema hili kwa sababu mwaka ule wa 1980 ungemwona ungedhani ni mama wa watoto wanne. Alifanya kazi ya udobi katika hospitali moja kubwa, kukunja mashuka yanayotoka kwenye mashine bado yana moto, na nyumbani alikuwa na binti wa miaka miwili, Tanisha, ambaye baba yake alihamia Newark akasahau njia ya kurudi. Wikiendi, badala ya kunyoosha miguu kama binadamu, alikuja kwetu kuchana mistari, yaani kurap.

Tulikuwa watatu: Odessa, Jewel Bascombe na mimi, Nadine. Kundi tuliliita Mabinti wa Vyse, kwa kuwa sote tulikaa barabara hiyo, na DJ wetu alikuwa binamu yangu Rod. Wasichana kwenye maiki walikuwa wa kuhesabika enzi hizo, na wavulana walitupa nafasi pale walipotaka kwenda kukojoa. Nalisema wazi, maana siku hizi wamezeeka na wanajifanya walikuwa walezi wetu. Kwenye sherehe za mtaani tulisimama kando ya uwanja, tumevaa sweta za rangi moja tulizobandika majina yetu kwa pasi, tukingoja hadi mkubwa wao apige mwayo aseme, "Haya, waacheni hao warembo wachangamshe watu kidogo." Tukishaishika ile maiki, kuirudisha ilikuwa kazi nyingine.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kazi yetu. Rod alikuwa na santuri mbili za wimbo uleule, na alichotaka ndani yake ni kile kipande kifupi cha ngoma tupu. Kikiisha kwenye santuri hii, anakianzisha kwenye ile, kisha anarudi huku, mradi ngoma isikatike. Kila alipokuwa karibu kurudisha, bega lake la kushoto lilishuka kidogo. Mwenyewe hakujua. Odessa ndiye aliyeliona kwanza, akatuambia, "Msihesabu chochote. Tazameni bega. Likishuka, vuteni pumzi, ingieni." Tangu siku hiyo hatukukosea tena. Mstari mmoja tuligawana watu watatu, Jewel anauanza, mimi naupokea, Odessa anaumalizia, na watu wakadhani tunasoma mawazo ya wenzetu, kumbe tunasoma bega la Rod.

Jewel alikuwa na sura na sauti. Mimi nilikuwa na kelele. Odessa sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, ya mtu ambaye hana haja ya kukushawishi. Beti yake ilianza hivi:

*Naitwa Dessa, nikisimama natesa,*
*binti wa Earline, mtaa mzima unanesa.*

Watu walikuwa wakiijua na kuisema pamoja naye. Lakini kuisema pamoja naye ni jambo moja, na kuisema badala yake ni jambo lingine kabisa. Beti kwetu ilikuwa kama mswaki, haiazimwi. Kila beti ilimtaja mwenyewe ili pasiwe na ubishi. Kuna msichana wa upande wa barabara ya Webster aliyesimama uwanjani akasema beti ya mwingine, akabadilisha jina tu. Alizomewa mpaka akawa anapitia njia ya uchochoroni kwenda shule. Hatukuwa na kitu kingine cha kuibiwa, ndiyo maana tulikuwa wakali.

Sasa Earline anayetajwa mle ndiye mama yake. Bi Earline alitoka South Carolina akiwa msichana, na tangu afike alisafisha nyumba za matajiri huko Scarsdale, nje ya jiji, akipanda treni alfajiri na kurudi na miguu imevimba kama mikate. Yeye ndiye aliyekaa na Tanisha kila wikiendi ili Odessa aje kwetu. Alifanya hivyo akilalamika, lakini alifanya. Mpaka majira ya kuchipua alipochoka. Nilikuwepo jikoni kwake alipotoa hukumu.

"Odessa, mimi nina siku mbili tu za kupumzika kwa wiki, Jumamosi na Jumapili, na zote ninampa mwanao," alisema. "Wewe unakwenda kupiga kelele uwanjani. Hiyo ni kazi au ni mchezo?"

"Ni kazi, mama. Bado haijaanza kulipa tu."

"Kazi ina kitu cha kushika mkononi. Mimi hapa nina magoti mabovu, hicho ndicho cha kwangu. Haya. Nasikia watu sasa wanatoa santuri. Niletee santuri. Nikikusikia humo kwa masikio yangu, nitajua ni kazi, na mtoto nitamlea wikiendi zote mpaka aolewe. Nisipokusikia, huo ni mchezo, na utakaa nyumbani na mwanao kama wenzio."

"Sawa, mama."

"Nikusikie *wewe*. Si hao wenzio. Samahani, Nadine."

"Hamna neno, Bi Earline," nikasema, ingawa neno lilikuwepo.

Ndiyo maana Bwana Whitlow alipotuita, Odessa alilia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Nadhani hakuwa na nguvu za kulia. Whitlow alikuwa na duka la santuri Harlem na kampuni ndogo nyuma yake, na alikuwa amesikia kanda tuliyorekodiwa uwanjani ikichezwa kwenye teksi.

"Wasichana wanaochana," alisema. "Hilo bado halijajaa sokoni. Njooni Jumamosi asubuhi."

"Na DJ wetu," nikasema.

"DJ wa nini? Mimi nina bendi."

Rod alinuna, nasi tukamcheka. Wiki nzima tulifanya mazoezi kwenye chumba cha chini cha jengo la kina Rod, Rod akituchezea kwa moyo mweupe ingawa ameachwa, nasi tumemkodolea bega lake. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza swali ambalo mtoto angejiuliza. Hivyo ndivyo tulivyokuwa: mtu akisema ngoma, tulimwona Rod kichwani.

Jumamosi Odessa alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, ananuka dawa ya kufulia, macho mekundu. Studio ilikuwa chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Maiki moja katikati, uso wake umetuelekea sisi, na nyuma yake dirisha la kioo ambamo mwanamume mnene alikaa na mitambo yake akila sandwichi. Bendi ikaanza kupiga. Mpiga ngoma alikuwa mtu mzima, hodari, mkono hautikisiki. Nami nikangoja. Jewel naye akangoja. Tukamtazama yule mnene kwenye kioo. Mabega alikuwa nayo mawili makubwa, lakini hakuna lililoshuka. Jewel akaingia mapema, mimi nikaingia nimechelewa, Odessa akawa anamalizia mstari ambao haujaanza. Tulikuwa watu watatu wanaogombania mlango mmoja.

"Simamisha," alisema Whitlow. "Tena."

Tena ikawa vilevile. Ya tatu ikawa mbaya zaidi.

"Si mlisema mnajua?"

"Tunajua," alisema Jewel. "Ila hiyo bendi inakwenda tu. Hairudi."

Yule mpiga ngoma akacheka mpaka akaweka vijiti vya ngoma chini. "Nirudi wapi, binti? Mimi ndio kwanza nakwenda!"

Odessa aliomba maji, akaketi juu ya sanduku la ngoma, akafumba macho. Nikadhani amelala, na Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Kisha akasema bila kufumbua, "Simameni mbele ya maiki. Mimi nitakuwa Rod."

Akaenda kusimama upande wa pili, mgongo wake kwenye kioo, uso kwetu. Bendi ikaanza. Akashusha bega la kushoto. Tukaingia mimi na Jewel, tumeshikana sawasawa. Nilimwona yule mnene ameacha kutafuna. Yote yalikwenda vizuri mpaka zamu ya Odessa. Akainama kuisemea maiki kutoka kule alikosimama, na mnene akapunga mkono tusimame. Maiki ile ilisikia upande mmoja tu.

"Huyo anasikika kama yuko kisimani," alisema.

Basi Odessa akaja upande wetu kwa ajili ya beti yake. Bega likaondoka naye, na sisi wawili, tuliotakiwa kumpokea kila mwisho wa mstari, tukapotea palepale. Tulijaribu tena, tukapotea tena. Whitlow akatazama saa, akasema bendi yake ina mtu mwingine anayengoja mlangoni, kwa hiyo tumebakiwa na mara moja tu, ikiharibika twende nyumbani.

Odessa akasema, "Jewel, chukua beti yangu."

"Una wazimu? Mimi nina yangu."

"Chukua na yangu."

"Basi niweke jina langu."

"Ukiliweka vina vinavunjika. Iseme kama ilivyo, useme Dessa."

"Shoga, watasema nimeiba!"

"Mwenyewe nitakuwa mbele yako nakuonyesha lini uingie. Wizi gani huo?"

Mimi nikamvuta kando. "Odessa, na mama yako je?"

"Maji tumeshayavulia nguo, Nadine," alisema. "Na miguu inaniuma. Tumalize."

Tukamaliza. Sijawahi kuchana vile maishani, wala Jewel. Ilipofika beti ile, bega lilishuka, Jewel akaingia, *Naitwa Dessa, nikisimama natesa*, na mimi nilikuwa namtazama Odessa. Midomo yake ilikuwa ikienda na kila neno, bila sauti, hadi mwisho. Whitlow alipiga makofi. Mpiga ngoma alimwambia Odessa kwamba angekuwa mwanamume angemtafutia bendi ya kuongoza. Odessa alimshukuru, akauliza choo kiko wapi.

Njiani nilimwambia amweleze mama yake kabla santuri haijatoka. Akasema atamweleza. Kila nilipomwuliza alisema atamweleza. Santuri ikatoka, Jumapili ya kumsikilizisha mama yake ikafika, na hakuwa amesema kitu. Sikumlaumu. Kuna maneno yanataka nguvu, na yeye nguvu zake zote alikuwa ameziacha kwenye mashuka.

Bi Earline, kwa furaha yake, alikuwa amewaalika wenzake wawili wa kanisani, Sista Mozelle na Sista Cora. Alikaanga kuku, akapika makaroni na jibini na mboga za majani zilizochemka na nyama iliyokaushwa kwa moshi tangu asubuhi, akaoka mkate wa mahindi na keki. Gramafoni yake, ambayo haikuwahi kucheza chochote ila nyimbo za injili, aliifuta vumbi kwa taulo safi. Tulipomaliza kula aliiweka santuri kwa mikono yake mwenyewe, akaketi, mikono mapajani, kama yuko ibadani.

Ngoma ikalia. Sista Cora akaanza kutikisa mguu, akajikumbuka, akaacha. Beti ya Jewel ikapita. Yangu ikapita. Bi Earline hakutikisika, alikuwa akingoja. Kisha ikaja.

"*Binti wa Earline*!" alipiga kelele Sista Mozelle. "Earline! Hata jina lako wameliweka! Asifiwe Bwana!"

Wakapiga makofi wote wawili. Bi Earline alitabasamu, ile tabasamu ya mlangoni kanisani, ya kumkaribisha kila mtu hata asiyempenda. Akasema asante. Akakata keki. Akasema, "Ongeza kahawa, Cora, ipo tele." Wageni walikaa mpaka jua likaanza kushuka, na muda wote huo hakumtazama mwanawe hata mara moja.

Mlango ulipofungwa alikuja jikoni. Odessa alikuwa akiosha sahani, mimi nafuta. Tanisha amelala kwenye kiti.

"Huyo anayesema ni binti yangu ni nani?"

"Ni Jewel, mama."

"Jewel ana mama yake."

Odessa akaendelea kuosha sahani ileile. Nilishindwa kuvumilia. "Bi Earline, bila yeye tusingepata hata mstari mmoja. Alisimama mbele yetu akatuongoza. Wote pale studio walishangaa."

"Nadine, wewe sijakuuliza." Akavuta kiti, akaketi kwa shida, akaanza kujikanda goti. Sauti yake haikupanda, ingepanda ningefurahi. "Kwa hiyo ulisimama pale ukahakikisha kila kitu kinakwenda, wao wakasikika. Odessa, hiyo ndiyo kazi niliyofanya Scarsdale maisha yangu yote. Nasimama pale, meza imepangwa, chakula kimoto, wao wanakula. Mimi sikai na mtoto wako wikiendi ili ukajifunze hilo. Hilo ningekufundisha mimi hapahapa jikoni, bure."

"Hapakuwa na njia nyingine, mama."

"Inawezekana. Hebu iseme."

"Nini?"

"Hiyo beti. Iseme wewe."

Odessa akajifuta mikono kwenye aproni, akaegemea sinki, akaisema. Hapakuwa na ngoma, hapakuwa na Rod. Aliisema polepole, kwa sauti yake ile nzito, na uchovu wote wa zamu zake ulikuwa mle ndani. Nimeisikia beti ile mara nyingi kuliko sala ya Bwana, na siku hiyo ndiyo niliisikia. Bi Earline alikuwa amefumba macho. Odessa alipolifikia jina la mama yake, Bi Earline aliacha kujikanda goti.

"Ni nzuri," alisema mwishowe. "Nzuri sana, mwanangu. Lakini humo ndani haimo."

"Haimo."

"Tulikubaliana."

"Ndiyo, mama."

Nilimchukia yule mama. Nilishuka ngazi nikisema maneno ambayo hayaandikiki, na nilikaa wiki kadhaa bila kumwamkia. Santuri nayo ilikuwa inakwenda. Ilichezwa redioni, ilichezwa madukani, vitoto vilikuwa vinaruka kamba vikisema *Naitwa Dessa*. Whitlow akatutafutia onyesho Boston, kwenye ukumbi wa kweli, wenye viti. Siku ya safari gari dogo lilisimama chini, Rod kaketi mbele na sanduku la santuri mapajani, Jewel anajipaka rangi ya midomo, dereva anapiga honi. Mimi nikapanda ngazi mbio. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na Bi Earline, hotuba ninayo kichwani.

Bi Earline hakuwepo. Alikuwa amekwenda zake kumtembelea dada yake. Odessa alikuwa amekaa mezani peke yake na Tanisha, anamlisha uji wa mahindi na siagi, kijiko kwa kijiko.

"Vaa viatu," nilimwambia. "Mchukue na mtoto, tutamlaza kwenye gari. Mama yako hatajua."

"Hapana."

"Odessa, ni Boston! Watu wamelipa kumsikia Dessa. Dessa ni *wewe*! Yule mama hana haki ya kukufanyia hivi."

Alimfuta mtoto mdomo kabla ya kunijibu. "Nadine, nikuambie kitu usimwambie mtu? Aliponiambia nikae nyumbani, unajua nilisikia nini? Nilisikia kama mtu aliyesimama tangu asubuhi halafu mtu akamwambia, keti. Kulala kwangu usiku huo hakukuwa na mfano. Nililala chini, kitandani, mpaka asubuhi." Akanitazama, na sikuona machozi wala hasira. "Ningekataa mwenyewe mngenibembeleza. Mngenibembeleza na ningekuja. Ilibidi mtu anikataze."

Honi ikalia tena chini. Nikageukia mlangoni.

"Mwambie Jewel asikimbize beti yangu," alisema. "Baada ya jina la mama, avute pumzi. Ana tabia ya kukimbia."

Nikamwambia Jewel ndani ya gari, akasema anajua, kwani yeye mtoto? Ukumbi ulijaa. Beti ilipofika alikimbia, kama Odessa alivyosema, na hakuna aliyejali. Watu walisimama juu ya viti wakiita, "Dessa! Dessa!" hadi taa zikawashwa, na Jewel akageuka, akapunga mkono, akaitika.